Kamera Isiyo na Mtandao

Mlangoni paliwekwa kikapu cha ukili, na ndani yake simu zimepandana hadi ukingoni. Kila mwanamke aliyeingia aliitoa yake mkobani, akaizima, akaikabidhi. Ulikuwa usiku wa kupamba, sherehe ya wanawake peke yao ambayo picha zake hazitakiwi kutoka nje, mtaa wa Mkomani, Lamu, na bibi arusi alikuwa bado chumbani anamaliziwa kuvishwa. Mimi nilikuwa mle nyumbani tangu alasiri, maana ndiye niliyempaka hina. Begani nimening'iniza kamera niliyoazima kwa binamu yangu, kubwa, nyeusi, ya kutisha kidogo.

Mama wa bibi arusi akanishika kiwiko, akanivuta kando.

"Ndoo hapa, mwanangu. Hii kamera yako ina mtandao?"

"Sijui, mama. Nimeazima."

"Basi iweke na wenziwe."

Nikaiweka kikapuni, juu ya simu.

Hakusema kwa ukali, wala mimi sikuvunjika moyo; nilikula biriani yangu nikacheza na wenzangu. Lakini siku zile nilikuwa katikati ya kutafuta kamera yangu ya kwanza, DSLR, ile ya kubadilishwa lenzi yenye kioo cha kujitazamia ndani yake, ya bei ninayoiweza. Nilikuwa nimeshasoma habari za megapikseli, yaani wingi wa nukta za picha, mpaka macho yananiwasha. Na katika yote niliyosoma, kukosa mtandao kulihesabiwa kuwa upungufu. Hakuna aliyekutaja kama sifa.

Swali la yule mama likanikaa kichwani wiki baada ya wiki.

## Simu haiijui hina

Watu waliniuliza sana kwa nini nisitosheke na simu. Simu za siku hizi zapiga picha nzuri, na mimi yangu naipenda. Tatizo ni kazi yangu.

Kazi yangu ni mikono na miguu. Hina yajaza, piko, ile rangi nyeusi, lachora mpaka na maua. Na hina haitoi rangi yake siku ile ile: ukiibandua iko kwenye uchungwa, kisha hukoza taratibu hadi siku ya pili au ya tatu, ndipo unapoiona ile nyekundu ya kuelekea kahawia. Mteja anayechagua kwa picha anachagua rangi hiyo. Sasa simu, kabla hujaiona picha, imeshaipika: imelainisha ngozi, imeng'arisha vivuli, imeikoleza nyekundu. Nimewahi kuletewa picha yangu mwenyewe, iliyopigwa na mgeni kwa simu, nikaambiwa, "Nataka rangi hii." Rangi ile haimo katika hina yoyote niliyowahi kukoroga.

Kisha kuna vidole. Lenzi kuu ya simu huona kwa upana, na ukiisogeza karibu na mkono, kidole kilicho mbele hunenepa na kiganja kikakimbilia nyuma. Bibi arusi mwenye vidole vyembamba hutoka ana vidole vya baharia. Ukirudi nyuma ukivuta kwa dijitali, maua ya piko yanayeyuka.

Kwa hiyo nilitaka kamera ya kuniwezesha kusimama kwa mbali kiasi, kuona rangi kama ilivyo, na kufanya kazi usiku chini ya balbu. Bajeti ilikuwa shilingi 35,000, pesa za msimu mzima wa harusi baada ya kutoa za nyumbani.

## Mpya ya boksi

Ushauri wa kwanza, na wa karibu kila mtu, ulikuwa: nunua mpya. Binamu yangu alinionyesha Canon EOS 4000D ndani ya boksi lake, na begi, na kistendi, na kitambaa cha kufutia. Kamera hiyo ilitoka 2018, ina megapikseli 18. Si mbaya. Picha za mchana zake sikuziona tofauti na za kamera za bei ya juu. Lakini nilipoishika, pale lenzi inapojifunga kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, ni plastiki, na mimi ni mtu wa kubadilisha lenzi, tena mahali penye mchanga. Na hata hivyo bei yake mpya ilikuwa imeshaipita mfuko wangu.

Wengine wakasema DSLR zimekwisha, nisubiri nijikusanye ninunue kamera ya kisasa isiyo na kile kioo cha ndani. Wana haki upande mmoja. Canon na Nikon zote mbili zilizindua DSLR zao mpya za mwisho mwaka 2020, na nguvu zote zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Ila kwangu habari hiyo ilikuwa neema. Kila mpiga picha anayehama, anauza. Mlango wa lenzi wa Nikon, pale inapojifunga, ni ule wa tangu 1959, wa Canon EF tangu 1987. Lenzi zilizomwagika duniani kwa miaka yote hiyo haziishi leo wala kesho. Mtu wa pesa kidogo anafaidi pale wenye pesa wanapochoka.

Nikaamua: mtumba, na karibu nusu ya pesa iende kwenye lenzi.

Hapo nilibishana na watu, maana wengi hununua bodi kubwa na kuridhika na lenzi inayokuja nayo, ile ya kuvutika ya milimita 18-55. Lenzi hiyo ukiivuta hadi 55, tundu lake kubwa kabisa la mwanga ni f/5.6; na namba hiyo kadiri inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. Lenzi ndogo isiyovutika yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi! Mchana ufukweni Shela hutaiona faida yake. Saa tatu usiku, kwenye ukumbi wenye taa za zambarau, hiyo ndiyo picha yenyewe.

## Boriti zikaamua

Canon au Nikon? Mijadala hiyo nimeisoma mpaka nikaona watu wanagombana bure. Mimi niliamuliwa na nyumba.

Nyumba zetu za kale zimeezekwa kwa boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake. Ndiyo maana chumba cha Lamu kinaweza kuwa kirefu utakavyo, lakini upana wake hauzidi mita tatu hivi. Niliichukua Canon ya binamu yangu na lenzi yake ya milimita 50, ile f/1.8 ya bei nafuu ambayo kila mtu huisifu, nikaenda nayo kwa nyanya. Nikamketisha kwenye kitanda, nikarudi nyuma. Nikarudi tena. Mgongo ukagonga zidaka za ukutani, birika la kauri likatikisika, na bado kwenye kioo cha kamera sikumpata nyanya mzima. Nilimpata uso na bega moja.

"Wapiga picha au wavunja nyumba?" akauliza.

Sababu ni kwamba kamera hizi za bei yetu zina sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani. Kwenye Canon, lenzi ya 50 huona kama ya 80. Ya picha ya uso ni nzuri sana, lakini iwe uwanjani. Nikon wana yao ya milimita 35, f/1.8, iliyotoka 2009, ambayo kwenye kamera zao ndogo huona kama ya 52 hivi. Na inakubali kusogea hadi sentimita 30 kutoka kwenye kitu, wakati ile 50 ya zamani ya Canon hugoma chini ya sentimita 45. Kwa mtu wa kupiga maua ya piko kwenye kiganja, sentimita 15 si kidogo.

Canon wana lenzi pana pia, najua, msinijie juu. Ila kwa pesa yangu, ile 35 ndiyo iliyokaa sawa na chumba.

## Namrudia yule mama

Zikabaki Nikon za kuchagua. Kwenye matangazo ya mtumba zilizojirudia zilikuwa D3300, D5300 na D7000.

D5300 niliitamani. Ilitoka 2013, ina megapikseli 24, kioo cha nyuma chake hufunguka na kugeuka, jambo tamu ukipiga miguu iliyokaa kwenye mto. Ina Wi-Fi ndani, ina na GPS, ambayo huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Nikaisoma sentensi hiyo mara mbili. Picha ya mwanamke ndani ya nyumba yake, na ramani ya nyumba juu yake.

Vyote viwili huzimika, kweli. Ungeingia kwenye menyu ukazima. Lakini nilijiona mlangoni pale, mbele ya kikapu, namweleza mama wa watu habari za menyu. Angenisikiliza kwa adabu, kisha angesema: iweke na wenziwe.

D3300 haina Wi-Fi wala GPS. D7000 nayo haina. Ghafla kamera zilizoonekana zimepitwa na wakati ndizo zilizokuwa na jibu fupi: hapana, mama, haina.

Jibu hilo likanifurahisha siku mbili tatu. Kisha likaanza kuniwasha.

Maana si kweli kwamba kamera isiyo na mtandao haiwezi kuvujisha picha. Kadi inayohifadhi picha hutoka, huingia kwenye kisomea kadi cha bei ya soda, na kisomea huchomekwa kwenye simu. Dakika moja. Ningemwambia yule mama neno la kweli huku nikimwachia apumzike juu ya jambo lisilo kweli. Binamu yangu akasema nawaza sana, wateja hawaulizi mambo hayo. Nikamwambia wateja wake ni wanaume, wanajipiga wenyewe na kujirusha.

Nikaenda kwake. Yule mama, nasema. Nilimkuta msanani anachambua mchele, nikampa masalkheri, nikamweleza yote: mtandao ni nini, kadi ni nini, na kwamba hata kamera isiyo na mtandao, picha zikibaki kwangu basi ziko kwangu.

Akaendelea na mchele wake. Kisha akauliza:

"Na hiyo kadi, yang'oka?"

"Yang'oka, mama."

"Basi kadi iwe yetu. Tutakupa ukija, utaturudishia ukiondoka. Kamera chukua wewe."

Kwa hilo moja alinipita mimi, binamu yangu na mijadala yote niliyoisoma.

## Kadi mbili

Sasa hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu kadi hufa. Kadi ya SD huweza kuharibika bila kukupa onyo, na kama nakabidhi kadi usiku ule ule, sina nakala nyumbani. Harusi hairudiwi.

D3300 ina tundu moja la kadi. D7000, ambayo ni nzee zaidi, ya 2010, ina mawili, na yaweza kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Ina megapikseli 16 tu dhidi ya 24 za mwenzake. Ni nzito, karibu mara mbili. Na bado ilipanda juu ya orodha kwa ajili ya kitundu kimoja cha ziada ubavuni.

Nilisita kidogo: tundu la pili si ndilo lenye kumtia mtu wasiwasi? Nakala ya pili ni ya nani? Jibu ni kwamba zote mbili ni zao. Ikifa moja, wanayo nyingine, na mimi sina kitu.

Kuna mtu atauliza kwa nini nisitumie kadi zangu, niwape picha, kisha nifute. Kwa sababu kufuta hakufuti. Ukifuta picha, au hata ukiifomati kadi kwa njia ya kawaida, mara nyingi kinachoondoka ni orodha. Picha zenyewe zakaa mpaka ziandikwe juu yake nyingine, na programu za kuzifufua hupatikana bure. Kadi iliyopita harusi moja isiende nyingine. Bora kila nyumba iwe na zake.

Kazi yangu mwenyewe, ile ya kuonyesha wateja, naipiga siku ya hina kwa kadi yangu: mikono na miguu peke yake, uso haumo, na kwa ruhusa.

Mpango huu una gharama yake. Picha nikiziacha kule, sina nafasi ya kuzisafisha kwenye kompyuta. Zinatakiwa zitoke kwenye kamera zikiwa tayari. Kwa hiyo nikajifunza kitu ambacho wengi hukiruka: kuipimia kamera weupe. Unaweka karatasi nyeupe chini ya taa zile zile, unaipiga, unaiambia kamera hii ndiyo nyeupe, na hina inarudi kuwa hina. Isipokuwa zile taa za kubadilika rangi, hizo hazipimiki. Hizo naomba zizimwe kidogo, na kila mara kuna msichana mmoja anayenuna.

## Malindi, na tochi

D7000 niliipata Malindi, kwa kijana anayeuza vitu vilivyoachwa na wageni. Wataliano hukaa, huchoka, huondoka, na kamera hubaki. Nikashika basi Mokowe asubuhi, nikiwa na kadi yangu, tochi, na kompyuta ndogo ya kuazima.

Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, na lenzi yake juu. Nikaitoa lenzi, nikaifungua tundu lake lote, nikaiwasha tochi kwa nyuma nikachungulia kwa mshazari. Ukitazama moja kwa moja hutaona kitu. Ukiinamisha, ukingoni pale kioo cha ndani kinapokutana na pete, kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, zimetawanyika kutoka sehemu moja, zinaishia katikati ya kioo. Kuvu. Kwa unyevu wa pwani, lenzi iliyofungiwa ndani ya begi gizani miaka miwili haina bahati nyingine. Kuvu ikiachwa hula ule utando uliopakwa kwenye kioo, na hapo hata fundi akisafisha, alama hubaki.

"Ni vumbi, dada," akasema.

"Vumbi halina mizizi, kaka."

Akacheka. Akatoa ya pili, bodi tupu, imechubuka pembe, mpira wa mkono umelegea. Hiyo nikaipiga mbinguni kwa tundu la f/16 nione uchafu kwenye sensa: madoa mawili madogo pembeni. Nikapiga picha nyingine, nikaifungua kwenye kompyuta. Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga, ilizofunguka, na hapo ikasema 41,000 na kitu. Shata ya D7000 ilijaribiwa kiwandani kwa mara 150,000. Nikafungua mlango wa betri na kucha, nikatazama vile vidoa vya shaba: havina ukijani. Chumvi haijaingia.

Alitaka 26,000. Tukaishia 23,000, na chaja. Ile lenzi ya 35 niliagiza Mombasa kwa 14,000, nikasisitiza niione kwanza ndipo nilipe. Bajeti ikapita kwa 2,000, na kadi bado. Sikujali sana.

Siiweki ndani ya begi. Inakaa kwenye mkebe wa plastiki wa kuwekea chakula, wenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli ya kubadilika rangi; ikishiba unyevu naikausha juu ya moto mdogo kwenye sufuria kuukuu. Lenzi sibadilishi nje, hasa msimu wa kusi.

## Kilichobaki

Kupamba kwa kwanza nilikopiga nayo kulikuwa Langoni. Kadi nilipewa mlangoni ndani ya bahasha, zote mbili mpya. Nilipiga kwa ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, ya 1600 hadi 3200, kuna chembechembe kidogo kwenye vivuli, na hakuna aliyezilalamikia. Usiku ukaisha, nikazing'oa mbele ya mama mwenye nyumba, nikazirudisha kwenye bahasha, akazitia kifuani.

Kesho yake akanipigia simu.

"Mwanangu, nataka kuzitoa kwenye karatasi. Studio pale mjini ni vijana wa kiume tu. Nafanyaje?"

Sikuwa na jibu. Mlango wote nimeuziba, na dirisha liko wazi.

Tangu hapo naulizia printa ndogo za Canon, zile SELPHY, zinazosoma kadi zenyewe bila kompyuta na kutoa picha ya sentimita 10 kwa 15. Karatasi na wino wake huuzwa pamoja, pakiti ya picha 108, kwa hiyo gharama ya kila picha yaweza kujulikana mapema na mtu akatozwa kwa haki. Ningeenda nayo nyumbani kwa mtu, kadi ikaingia na kutoka mbele ya macho yake. Mwenye nayo ya mtumba, Lamu, Malindi au Mombasa, aniambie. Nitakuja na tochi.